Kilichotupwa ni cha Nani?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya.

Katika darasa letu la usiku, tulipokuwa tukisoma mlango wa dia katika kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277, tulifika kwenye mas-ala ambayo wengi wetu tumeyapita mara nyingi tangu ujana wetu bila ya kuyasimamia. Imam amtaja mtu aliyetupa taka na maganda ya tikiti njiani, na yakasababisha madhara kwa mpita njia. Na kauli aionayo kuwa ndiyo sahihi ni kwamba mwenye kutupa ana dhamana juu yake. Kisha aendelea na mengine. Ni maneno machache mno, na mwalimu aliyetusomesha sisi, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuyatilia hata dakika mbili, kwani siku hiyo hamu yetu sote ilikuwa ni kuumaliza mlango.

Safari hii kijana mmoja aliinua mkono akauliza: "Sheikh, yule mtu si ameshatupa? Ganda si lake tena. Vipi aulizwe kwa kitu kisichokuwa chake?"

Suala hili tulilijibu usiku ule kwa haraka, nalo halikuturidhisha wala halikumridhisha muulizaji. Tukaenda nalo nyumbani. Na kwa kuwa limefungamana na jambo lililotutokea wenyewe, ambalo twaona haya kulitaja lakini kulificha ni haya zaidi, tumeona tuliandike hapa.

Katika Ramadhani ya mwaka 1445 (2024) sisi watu wa darasa tuliandaa futari kila siku kwa wapitao njia na wageni. Lilikuwa jambo la kheri, na watu walitusifu. Baada ya Tarawehe mabaki yote, wali, mifupa ya samaki, maganda ya ndizi na ya matikiti, machicha ya nazi, mapande ya mikate iliyoumwa mara moja ikaachwa, yalitiwa katika magunia yakawekwa kwenye pembe ya mtaa yakingojea gari la taka. Gari lilikuja siku lilipopenda. Pembe ile ipo chini ya dirisha la mama mmoja mtu mzima, mjane, akaaye peke yake.

Alfajiri moja, tulipokuwa tukirudi msikitini, tulimkuta ameinama na ufagio wa chelewa. Paka na kunguru walikuwa wamekwisha yapasua magunia usiku. Tukamwamkia, "Shikamoo, mama." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Futari yenu yanifikia kila siku, Mungu awalipe."

Tukaitika "Amin" tukaenda zetu. Tulikuwa tumekwisha fika mlangoni petu ndipo tulipofahamu alilolisema. Mama yule hatukuwahi kumpelekea hata sahani moja. Kilichokuwa kikimfikia ni kile cha magunia.

Basi turejee kwenye suala la kijana wetu. Kilichotupwa ni cha nani?

Twaona kuwa asili ya kosa ni kuchanganya mambo mawili. Milki ni kifungo baina ya mtu na kitu, na kifungo hiki mwenye kitu aweza kukikata mwenyewe apendapo: aweza kuuza, aweza kutoa, aweza kuacha. Mwenye kuacha ganda la tikiti amekwisha kuachana nalo, na akija mbuzi akalila hapana wa kumdai. Hapo kijana wetu amesema kweli. Ama kutupa, hicho ni kitendo, na kitendo ni kifungo baina ya mtu na watu wengine. Kifungo cha pande mbili hakikatwi na upande mmoja. Yule aliyeteleza hakuwapo wakati wa kuacha wala hakuridhia, basi vipi kuacha kwako wewe kumwondolee yeye haki yake? Ukitupa, waondoka katika milki. Huondoki katika kitendo. Ndiyo maana fakihi hakuuliza ganda ni la nani. Aliuliza nani aliyeliweka pale.

Labda atasema msemaji: haya ni ya njiani, na mtu kuvunjika mguu ni jambo la kuonekana. Sisi taka zetu hatuziweki njiani. Twalipa, gari laja, zaenda mbali, na mbali huko si juu yetu.

Neno hili lina nguvu, wala hatutaki kulidharau. Mwenye kukabidhi mzigo wake kwa mtu mwenye uwezo wa kuuchukua na akamlipa haki yake, mzigo umemtoka. Lakini sharti ni hiyo ya kuwa mpokeaji aweza kuuchukua, na kwamba mkabidhi hajui kinyume chake. Na sisi watu wa Mombasa, ni nani kati yetu asiyejua? Miaka mingi taka za mji huu zilimwagwa Kibarani, ukingoni mwa bahari, na kila aliyevuka kwenda bara au kurudi aliziba pua akasema "lahaula". Baadaye zikawa zapelekwa Mwakirunge, upande wa Kisauni, ambako wapo watu, na watoto miongoni mwao, wachokorao chungu zile kutafuta riziki. Umbali umebadilisha jambo moja tu: wa kuteleza hatumwoni tena.

Tena katika taka zitokazo majumbani mwetu, zinazonuka, zinazoleta nzi na panya na kunguru, ni zile za jikoni. Chupa hainuki, wala karatasi. Wali ukichanganywa na chupa na karatasi huviharibu vyote, hata yule aokotaye chupa kwa kuuza akazipata zimevundiwa. Na chakula kikifukiwa katika chungu kubwa isiyoingia hewa, kikaoza humo, hutoa gesi iitwayo methani, ambayo kwa muda wa miaka 100 hushika joto la dunia mara 28 hivi kuliko hewa ya ukaa kwa uzito ule ule. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, ambalo makao yake makuu yapo Nairobi, lilitangaza mwaka 2024 kwamba katika mwaka 2022 watu walitupa chakula cha tani bilioni 1.05, sawa na asilimia 19 ya chakula chote kilichowafikia wauzaji na walaji, na kwamba asilimia 60 ya hicho kilitoka majumbani. Tulipolisoma hilo darasani, mzee mmoja alisema, "Majumbani, yaani kwetu," kisha akanyamaza.

Serikali yetu nayo ilipitisha sheria ya usimamizi wa taka mwaka 2022, iamuruyo taka zenye kuoza zitengwe na zisizooza. Sheria nzuri. Lakini ukizitenga katika ndoo mbili, kisha gari moja likaja likazimwaga pamoja, umefanya nini? Tuliona basi kwamba zile zenye kuoza, ambazo ndizo zenye madhara, dhamana yake haitoki mpaka zimalizikie pale pale zilipoanzia.

Hapo ndipo tulipoingia katika habari ya ndoo.

Ndugu yetu mmoja katika darasa, ambaye alifanya kazi melini akakaa bandari za Japani, alitueleza kuwa wenyeji wa huko wana desturi ya kuchachua mabaki kwa pumba kabla ya kuyafukia, nao huyaita bokashi. Katika miaka ya 1980 mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Ryukyus kisiwani Okinawa, Teruo Higa, aliyaeneza mambo haya kwa mchanganyiko wake wa vijidudu. Wako waliozidisha sifa za mchanganyiko huo hata wakaufanya dawa ya kila ugonjwa wa ardhi, hayo hatuyachukui. Lakini asili ya jambo ni nyepesi na yajulikana jikoni mwetu siku zote. Lugha yetu hutofautisha baina ya kuchacha na kuoza. Maziwa yakiachwa katika kibuyu kilichofungwa huchacha yakawa mtindi, na mtindi haumdhuru mtu. Embe ikitiwa chumvi na siki ikafungwa hukaa mwaka. Nyama ikiachwa juani huoza. Kinachofanya maziwa yawe mtindi ni vijidudu vidogo mno vitoavyo ukali, na ukali ule huwazuia wale vijidudu wengine waletao uvundo. Ndoo hii ni kuyafanyia mabaki yale ambayo bibi zetu waliyafanyia maembe.

Na yafanywa hivi. Maji ya kuoshea mchele huwekwa katika chupa iliyofunikwa kitambaa siku mbili au tatu mpaka yatoe harufu ya uchachu. Hutiwa maziwa, sehemu kumi kwa moja ya maji yale, na baada ya siku chache mgando huelea juu na chini hubaki maji ya rangi ya manjano. Maji hayo ndiyo mbegu. Huchanganywa na maji ya sukari guru, kisha zikanyunyiziwa pumba za mchele au za ngano mpaka ukizifinya kwa mkono zashikana bila ya kudondosha. Pumba hushindiliwa katika mfuko au kopo lisiloingia hewa, zikaachwa wiki mbili, zikaanikwa kivulini. Zikikauka zakaa miezi.

Kisha hutafutwa ndoo yenye kifuniko cha kukaza, kama zile za rangi, ikatobolewa chini ikawekwa mfereji mdogo. Kila siku mabaki ya jikoni hutiwa ndani yakiwa yamekatwakatwa, yakanyunyiziwa pumba konzi moja, yakashindiliwa kwa sahani mpaka hewa itoke, na kifuniko kikafungwa barabara. Tofauti na chungu ya mbolea vunde ya uani, ndoo hii hupokea hata wali, samaki na nyama. Maji yajikusanyayo chini hutolewa kila siku mbili tatu; yakizimuliwa sehemu moja kwa 100 hutiliwa mimea. Ndoo ikijaa hufungwa wiki mbili. Ukiifungua wakuta vitu vina sura ile ile, ganda la ndizi bado ganda la ndizi, ila vimelainika na harufu yake ni ya achari. Na pengine juu pana ukungu mweupe, nao ni dalili njema. Hapo bado si mbolea. Ni kachumbari tu, na ni kali. Ukiiweka karibu na mizizi huiunguza. Sharti ifukiwe katika udongo kadiri ya shibiri, ikaachwa wiki mbili mpaka nne, ndipo iwe udongo.

Wenzetu wa Mji wa Kale watatuuliza: udongo tuupate wapi, nasi twakaa ghorofani, mlango kwa mlango? Jawabu ni pipa au gunia la udongo juu ya dari au katika kiwanja cha ndani. Huwekwa tabaka ya udongo, tabaka ya mabaki yaliyochacha, yakachanganywa, na tabaka nene ya udongo juu. Baada ya mwezi huyatambui mabaki. Udongo ule ule hutumika tena na tena, na ukizidi hutiwa katika makopo ya mrehani, pilipili na asumini.

Ndoo yetu ya kwanza ilinuka vibaya. Tuliifungua mara nane kwa siku kwa hamu ya kutazama, na yale maji ya chini tukayasahau. Nyumbani kwetu tuliambiwa neno ambalo hatutaliandika. Ya pili ilikwenda sawa.

Si ajabu kwa Waislamu kulishughulikia jambo la namna hii. Ibn Bassal wa Toledo katika karne ya 11, na Ibn al-Awwam wa Sevilla katika karne ya 12, waliandika kwa urefu juu ya aina za mbolea na namna ya kuiacha ikomae kabla ya kutiwa shambani. Watu hao hawakuona kuwa samadi ni duni kwa kalamu ya mwanachuoni. Twalisema hili kwa kuwa baadhi ya wenzetu, walipopata habari kuwa darasa la dini lashughulika na ndoo ya taka, walicheka.

Ama maswali yaliyoletwa baada ya hapo, mawili yalituchukulia muda.

La kwanza ni la ndugu aliyehofu kuwa maji yale ni ulevi. Alisema: humo mna sukari na mna hamira, vimeachwa vikachacha, na madhehebu yetu ya Shafi yasema kuwa ulevi wa maji ni najisi, na kwamba mvinyo ukigeuka siki kwa kutiwa kitu hausafiki. Suala ni la mtu aliyesoma, na twamshukuru. Jawabu letu ni kwamba hukumu ile ni ya kinywaji chenye kulevya, na haya si kinywaji wala hayalevyi. Ukali wake ni ukali wa mtindi, na uchachu mdogo wa namna hii umo katika unga wa vitumbua uliolala usiku ukaumuka, wala hapana aliyewahi kuuita najisi. Tena lau tungekubali, kwa kujadiliana tu, kuwa katika ndoo mna najisi, kama damu ya nyama, wanavyuoni wa madhehebu yetu wamejuzisha kuitia ardhi samadi iliyo najisi, ijapokuwa kwa karaha, na mmea uotao humo si najisi kwa dhati yake. Sehemu iliyoguswa na najisi ikioshwa ni safi. Basi mwenye wasiwasi na awache damu nje ya ndoo, aoshe mchicha wake, na ale.

La pili ndilo lililotushughulisha, nalo halikuletwa kwa sura ya suala. Ndugu mmoja mwenye uwezo, na mkarimu, alifurahi sana na ndoo. Akasema, "Alhamdulillahi. Sasa nitapika biriani ya harusi kama moyo upendavyo. Kitakachobaki ni mbolea, si israfu tena."

Majlisi ilinyamaza. Wengine tuliona wakitikisa kichwa kwa kuafiki, na hilo ndilo lililotutisha. Kwani maneno haya, ndugu msomaji, yana sura ya haki. Lau israfu ni kuharibu, na mbolea si kuharibu, basi israfu iko wapi?

Twasema: yapo hapa. Mchele ule haukulimwa ili uwe udongo. Mtu alisimama matopeni akaupanda, mwingine akauvuna, ukachukuliwa kwa meli, ukanunuliwa, ukapikwa kwa kuni na kwa jasho la wapishi waliokesha. Ukiurudisha ardhini umerudisha sehemu ndogo kabisa ya ulichokichukua. Taabu ya watu hairudi kwa kuchacha. Na kuna wa nne katika hesabu hii, naye ni yule aliyelala na njaa mtaa wa pili usiku wa harusi ile. Chakula kina daraja za haki. Kwanza ni cha mlaji, na Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa tonge likianguka liokotwe, liondolewe uchafu, liliwe. Kisha ni cha jirani na maskini. Kisha ni cha mbuzi, kuku na paka. Ardhi ndiyo ya mwisho kupokea, na chake ni maganda, mifupa, machicha na kile kilichoharibika kweli. Mwenye kuiruka njia yote hii akaanza mwisho, huyo hajatengeneza mbolea. Ameficha israfu chini ya udongo, na amejipa na ruhusa ya kuizidisha.

Twakiri kwamba shauri hili lina ugumu. Kama ndoo yamliwaza mtu hata akatupa zaidi, je, isingekuwa bora asiijue? Wako waliosema hivyo darasani, na hoja yao si dhaifu. Kila dawa ya kosa huweza kuwa kishawishi cha kosa. Sisi twaegemea upande mwingine kwa sababu ya jambo tulilolishuhudia. Gunia la taka hutoka nje usiku na asubuhi halipo, na mtu hajui alitupa nini. Ndoo haiondoki. Wiki mbili wakaa nayo jikoni. Katika Ramadhani ndoo ya kwetu ilijaa kwa siku nne. Katika Shawwal ndoo ile ile, kwa nyumba ile ile, ilichukua zaidi ya nusu mwezi. Hatukuhitaji mtu wa kutuwaidhi. Tulikuwa tukiwaambia watu juu ya mimbari kwamba mwezi wa kufunga ni mwezi wa kupunguza, na ndoo ikatuonyesha ni nani aliyekuwa akisemwa.

Lakini hilo humpata yule tu aifunguaye ndoo kwa mkono wake. Hapa ndipo tunapotaka kusema na wanaume wenzetu. Nyumba nyingi, bwana ameikubali ndoo kwa ulimi darasani, na mwenye kukatakata maganda, kumwaga maji, kubeba na kufukia ni mke, au msichana wa kazi ambaye hakuulizwa. Huku ni kuhamisha ganda la tikiti kutoka njia ya jirani kulitia katika njia ya mtu wa nyumbani. Mtume (s.a.w.), kama alivyosimulia Bibi Aisha, alikuwa akizishughulikia kazi za nyumbani kwake. Asiyeweza kubeba ndoo ya kilo kumi mpaka darini asijihesabu kuwa ameiondoa dhamana yake.

Tuliporidhika na haya, tulikwenda kwa yule mama kumtaka radhi. Tulimpelekea na kopo la mrehani ulioota katika udongo wa ndoo ya pili, tukidhani atafurahi. Aliutazama akasema kuwa mrehani anao, na udongo hana haja nao. Alichotaka ni pembe yake iwe safi, na tangu yale magunia yaondoke ni safi, basi hana neno nasi. Kisha akatuuliza, kwa upole, kama katika futari zetu zote zile hapakuwa na sahani ya mtu mmoja.

Hatukuwa na la kujibu. Katika Ramadhani ya mwaka 1446 (2025) sinia ya kwanza ilikwenda kwake kabla ya adhana, kila siku. Siku ya tatu ilirudi tupu pamoja na salamu kwamba mpishi wetu apunguze chumvi.